Mashine ya Upepo Uani: Yapasayo Kuulizwa Kabla ya Kulipa

Mwezi wa Shaabani unapoingia, mafundi wa makochi na vitanda wa mitaa yetu huwa hawana hata nafasi ya kujikuna. Kila nyumba yataka kochi lake livishwe kitambaa kipya kabla ya Ramadhani. Kila mama mwenye binti wa kuozwa baada ya Idi ataka kitanda na kabati viwe tayari mapema. Na vijana wanaofanya kazi hizo nyumbani kwa wazazi wao huanza kuhesabu walichopungukiwa. Aghlabu kinachotajwa mwanzo ni kompresa, au mashine ya upepo kama wengi wetu tunavyoiita. Kijana humwendea mama yake na kumwambia kwamba lau angekuwa na mashine hiyo, kazi ya siku tatu angeimaliza kwa siku moja, na vanishi yake ingeng'ara kama ya dukani.

Mara nyingi kijana huyo asema kweli. Lakini pesa zitakazotoka ni za zamu ya mama katika chama, au ni za bangili iliyowekwa kwa ajili ya shida, au ni akiba ya karo ya muhula ujao. Na mashine yenyewe haiendi kuishi kiwandani. Itakaa uani, hatua chache kutoka jikoni na mahali wanapolala watoto. Kwa sababu hizo mbili tumeona makala ya juma hili tuyaelekeze kwa wale wanaolipa na wanaoishi na mashine, wala si kwa mafundi peke yao. Hakuna hesabu humu inayomshinda mtu anayejua kupima unga na sukari.

Jambo kubwa tunalotaka lieleweke ni kwamba kompresa haichaguliwi kwa ukubwa wa tangi lake, wala kwa nguvu ya mota yake. Huchaguliwa kwa kiasi cha hewa kinachohitajiwa na kifaa kitakachofungwa kwenye ncha ya mpira. Anayeanza na kifaa hufika kwenye mashine iliyo sawa. Anayeanza na mashine huenda akalipa mara mbili.

Kifaa kwanza

Kompresa yenyewe haichongi wala haipaki. Huvuta hewa hii hii tunayoivuta sisi, ikaishindilia ndani ya tangi la chuma, kisha ikaiachia kwa mpira. Kazi hufanywa na kifaa: bunduki ya kupulizia rangi, stepla ya kupigia kitambaa cha kochi, bunduki ya misumari, au pua ya kupeperushia vumbi. Kila kifaa kina kiu yake, na kiu hiyo hupimwa kwa lita za hewa kwa dakika. Vifaa vingine huandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, na hapo utaona herufi CFM. Futi moja ya ujazo ni takriban lita 28, kwa hivyo kifaa kilichoandikwa CFM 5 chataka kama lita 140 kila dakika.

Stepla ya makochi ndiyo yenye kiu ndogo kabisa. Kila pini hutumia hewa isiyofika lita moja. Fundi mwepesi akipiga pini 40 kwa dakika bado hajafikia lita 40. Kijana ambaye kazi yake ni kuvisha makochi tu, asiyepuliza rangi, hana haja ya mashine kubwa hata kidogo. Ile ndogo yenye tangi la lita 24, ambayo mtu mmoja huibeba kwa mkono, yamtosha, na pesa zitakazobaki zinunue sponji na kitambaa. Twalisema hili kwa mkazo kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha: hununua mashine ya gereji kwa kazi ya stepla, ikabaki uani ikila kutu.

Bunduki ya rangi ni habari nyingine. Zile ndogo, zenye kikombe juu na zinazofaa kwa miguu ya viti, fremu za picha na milango ya kabati, hutaka takriban lita 100 hadi 150 kwa dakika. Za kawaida, ambazo fundi hupakia kitanda kizima au mlango mkubwa, hutaka lita 200 hadi 350. Tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo inayoamua kama mashine itachomekwa kwenye soketi ya sebuleni au itahitaji waya wake maalumu. Ushauri wetu kwa anayeanza ni achague bunduki ndogo inayotumia hewa kidogo, akubali kwamba kitanda kitamchukua muda zaidi, na mashine yake iwe ya wastani. Vanishi iliyopulizwa polepole na bunduki ndogo hung'ara sawasawa na ile ya bunduki kubwa.

Msasa wa upepo tusiuguse. Kifaa hicho hunywa lita 300 au zaidi kila dakika bila kupumzika, na mashine yoyote ya nyumbani huishiwa pumzi mbele yake. Msasa wa umeme hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Kwa matairi, kiu ni ndogo lakini shinikizo ndilo huangaliwa: tairi la gari dogo hutaka takriban psi 30 na kidogo zaidi, ilhali la lori hupita psi 100. Mashine nyingi za nyumbani hufika bar 8, yaani kama psi 116. Anayekusudia kujaza matairi ya malori na atafute ya bar 10.

Kwa mama mwenye cherehani za kushonea mabuibui, ambaye huenda ameambiwa kuwa mashine ya upepo itamsafishia nyuzi na vumbi, twasema akae na burashi yake. Upepo mkali husukuma nyuzi ndani zaidi kwenye oili ya cherehani, na zikishakwama huko kuzitoa ni kazi ya fundi.

Kibandiko cha kwenye tangi

Ukiingia katika duka la vifaa, muuzaji atakutajia mambo mawili: nguvu za farasi na ukubwa wa tangi. Atasema, “Hii ni hospawa mbili, lita hamsini.” Hayo ni kweli, lakini si jibu la swali. Muulize, “Yatoa lita ngapi kwa dakika?” Naye atainama asome kibandiko.

Hapo pia yataka uangalifu. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa aghlabu ni ya hewa ambayo pistoni huivuta, wala si ya hewa inayofika kwenye mpira. Kati ya kuvuta na kutoa kuna kupotea, kwa joto na kwa hewa inayorudi kupitia vali. Kwa mashine ndogo za pistoni, kinachofika ni kama sehemu mbili katika tatu ya kilichovutwa, pengine pungufu. Kwa hivyo mashine iliyoandikwa lita 200 ihesabuni kuwa ya lita 130 hivi. Mtengenezaji mwaminifu huandika namba zote mbili. Penye namba moja tu, chukulieni kuwa ni ile kubwa.

Tangi nalo lina udanganyifu wake, ijapokuwa halisemi uongo. Watu hudhani tangi kubwa ndiyo mashine kubwa. Tangi ni mtungi tu. Hauongezi maji ya kisima. Tufanye hesabu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3, limetoa lita 50 mara 5, yaani lita 250 za hewa ya kawaida. Bunduki yenye kiu ya lita 250 ikifungwa kwenye mashine inayotoa 130, kila dakika inakosekana lita 120. Kwa hivyo baada ya dakika mbili hivi tangi limeshuka chini kabisa, bunduki yaanza kutema matone, na fundi husimama asubiri huku vanishi ikikauka nusu. Lau tangi lingekuwa la lita 100, angepata dakika nne, kisha angesubiri mara mbili zaidi. Kiu ya kifaa ikipita utoaji wa mashine, hakuna tangi la kukuokoa.

Na kompresa za pistoni hazikuundwa kukimbia bila kituo. Nyingi zataka kupumzika karibu nusu ya muda wa kazi ili zipoe. Ndiyo sababu mafundi wazoefu huchagua mashine inayotoa hewa zaidi ya kiu ya kifaa, angalau kwa nusu juu yake. Bunduki ya lita 120 ipewe mashine yenye kutoa lita 180 kwa hakika.

Kipimo cha simu

Muuzaji na kibandiko wote wawili waweza kupimwa dukani kwa simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Mwambieni aiwashe mashine mpaka ijae na kujizima. Kisha fungueni hewa itoke kidogo kidogo, mota ijiwashe, na mfunge. Tazameni geji: mshale ukipita bar 6 anzeni kuhesabu, ukifika bar 8 simamisheni. Katika tangi la lita 50, kupanda huko kwa bar 2 ni lita 100 za hewa. Ikichukua sekunde 60, mashine yatoa lita 100 kwa dakika. Ikichukua sekunde 40, yatoa 150. Ikichukua dakika moja na nusu, haifiki hata 70, na hapo hapana haja ya kubishana na mtu. Namba imekwisha kusema.

Kwa tangi la ukubwa mwingine kanuni ni ile ile: zidisha lita za tangi kwa bar zilizopanda, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde. Muuzaji anayekataa mashine yake isipimwe hivi amekwisha kuwajibu. Kwa mashine iliyotumika, kipimo hiki si hiari. Bila hicho ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Umeme wa nyumba na mashine za Ughaibuni

Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240 na mzunguko wa hezi 50, na plagi ya kawaida ina uwezo wa ampea 13. Mota ya hospawa mbili ni ya kilowati 1.5, nayo hubeba ampea 9 au 10 ikiwa imeshika kasi. Soketi nzuri yaihimili. Ya hospawa tatu, yenye kilowati 2.2, hufika ukingoni mwa plagi na kuupita, kwa hivyo haina budi kuwekewa waya wake kutoka kwenye sanduku la umeme na fundi mwenye leseni. Zinazozidi hapo nyingi hutaka fezi tatu, ambazo nyumba za kawaida hazina. Na kila mota, ndogo au kubwa, wakati wa kuanza huvuta umeme mara tano au zaidi kuliko ikiwa mbioni. Taa zikififia kila inapowaka, hiyo ni ishara kwamba waya ni mwembamba au ni mrefu mno.

Kwa sababu hiyo, uani kukiwa mbali na soketi, ni afadhali mara mia kurefusha mpira wa upepo kuliko kurefusha waya wa umeme. Ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa hupata moto, mota hukosa nguvu ya kuanza, ikaguna na kuungua.

Wengi wetu tuna jamaa katika nchi za Ghuba, na si ajabu mashine kuletwa kama zawadi. Ya Dubai au Maskati haina taabu, kwani huko pia mzunguko ni hezi 50. Ya Jidda ina taabu: umeme wa Saudia ni wa hezi 60. Mota iliyotengenezewa hezi 60 ikiletwa hapa huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, hewa hupungua kwa kiasi hicho, na mota hupata joto kuliko inavyopaswa. Ya Marekani ina taabu mbili, kwa kuwa hata volti zake ni 120. Transfoma hurekebisha volti, mzunguko haiugusi. Jamaa na aombwe picha ya kibandiko cha mota kabla hajalipia mizigo, na itafutwe alama ya 50Hz.

Kuhusu gharama ya tokeni, hesabu yake ni nyepesi. Mota ya kilowati 1.5 ikikimbia saa tatu kamili katika siku, itakula yuniti nne na nusu. Fundi na azigawe kwa kazi alizozifanya siku hiyo, azitie katika bei. Isiwe bili ya nyumba ndiyo inayomlipia mteja wake kitanda.

Sauti yake

Nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na hata Kisauni na Likoni uani kwa mmoja ni dirishani kwa mwingine. Mashine nyingi za bei nafuu mota yake imeunganishwa moja kwa moja na pistoni, ikizunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukiwa karibu nayo, kelele zake hufika desibeli 90 au kupita. Huwezi kuzungumza bila kupiga ukelele. Zile zenye mkanda, ambao huipunguzia pistoni kasi, huwa na sauti nzito iliyo chini zaidi, hudumu miaka mingi, na vipuri vyake hupatikana. Ni ghali na nzito, lakini kwa mtu ambaye kazi hii ndiyo riziki yake tunaziona kuwa bora. Aina ya tatu ni zile zisizotumia oili na zinazoitwa za kimya, za desibeli kati ya 60 na 70. Sikio huhisi kila upungufu wa desibeli 10 kama kelele imepungua nusu, kwa hivyo tofauti ni kubwa mno. Kwa stepla na bunduki ndogo ya rangi, katika nyumba yenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa, hizo ndizo tungezichagua sisi, ijapokuwa maisha yake kwa kawaida ni mafupi kuliko ya zile za mkanda.

Vyovyote iwavyo, mashine isiwashwe wakati wa adhana wala baada ya Isha, na jirani aarifiwe kabla haijaletwa, si baada ya kulalamika.

Maji ya pwani

Tumefika kwenye jambo ambalo vitabu vinavyokuja na mashine hulitaja kwa mstari mmoja, nasi wa pwani hatuna budi kulitazama zaidi. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba gramu 24 hivi za maji. Hewa hiyo ikishindiliwa hadi bar 8 kisha ikapoa ndani ya tangi, huweza kubaki na gramu 3 au 4 tu. Zilizosalia, kama gramu 20, huwa maji na kudondoka chini ya tangi. Mashine inayotoa lita 130 kwa dakika hupitisha karibu mita 8 za ujazo kwa saa. Kwa hivyo kila saa inayokimbia yaweza kuacha kiasi cha gramu 160 za maji, zaidi ya kikombe kidogo cha chai. Saa tatu za kazi ni karibu nusu lita.

Maji hayo hayaonekani. Hukaa ndani ya chuma, yakalila tangi kutoka ndani, mahali pasipofikiwa na jicho wala rangi. Tangi laweza kuwa jekundu na la kumeremeta kwa nje, ilhali chini limebaki jembamba kama mkebe. Sasa fikirini: shinikizo la bar 8 ni takriban kilo 8 kwa kila sentimita mraba. Eneo la ukubwa wa kiganja cha mkono labeba kiasi cha kilo 800, uzito wa kukaribia gari dogo. Chuma kilichokonda kikishindwa kuubeba uzito huo, hakivuji tu. Chaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Dawa yake ni rahisi mno. Chini ya kila tangi kuna koki ndogo. Kila siku kazi ikiisha, zima mashine, punguza hewa, fungua koki mpaka maji yatoke yote na upepo mkavu ufuate. Maji hayo huwa na rangi ya chai kwa sababu ya kutu na oili; yasimwagwe kwenye mimea wala karibu na kisima. Mwenye nyumba hahitaji kuwa fundi ili aulize kila jioni, “Umeshalimwaga tangi maji?” Na kwa anayepuliza vanishi, pawekwe kichujio cha maji kwenye njia ya mpira, kwani tone moja la maji au la oili likifika kwenye mlango wa kabati huacha kishimo ambacho hakifichiki bila kupiga msasa upya.

Tangi lililotoboka tundu hata la sindano limekwisha. Lisichomelewe. Kuchomelea huziba tundu moja na kuacha chuma kilichokonda pembeni yake, pale pale penye udhaifu. Anayenunua mashine ya mitumba na alilaze tangi na alitazame chini: akiona rangi mpya upande wa chini peke yake, au alama ya kuchomelewa, aondoke.

Watoto, mapafu na vali

Kila mashine ina vali ya usalama, kitu kidogo cha shaba chenye pete. Kazi yake ni kufunguka yenyewe swichi ikishindwa kuizima mota. Pete hiyo ivutwe mara kwa mara, kama mwongozo wa mashine usemavyo, kuhakikisha haijashikwa na kutu. Wapo wanaoitoa wakaziba kwa bolti kwa sababu ilikuwa ikivuja. Nyumba yenye mashine ya namna hiyo ina bomu uani, nasi hatuoni neno jingine la kulitumia. Vali mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei rahisi kabisa.

Mabomba ya plastiki ya maji yasitumike kusafirishia upepo ukutani, hata kama yameandikwa kuwa yahimili shinikizo. Yakipasuka kwa maji hulowanisha. Yakipasuka kwa hewa hurusha vigae vikali.

Watoto hupenda mpira wa upepo, na hata vijana wakubwa hufanyiana mzaha nao. Mzaha huo uwe marufuku kabisa. Hewa ya shinikizo yaweza kupenya kwenye jeraha dogo, kupasua ngoma ya sikio, na ikielekezwa kwenye tundu lolote la mwili huweza kuchana matumbo na kuua. Wala isitumiwe kupeperushia vumbi nguo zilizovaliwa. Mashine hii pia si ya mzamiaji wa kamba na majongoo: hewa yake ina oili, na yaweza kuchanganyika na moshi.

Kuhusu kupuliza rangi, thina na vanishi hutoa mvuke unaowaka, na swichi ya kompresa hutoa cheche kila inapowaka na kuzima. Kwa hivyo mashine isikae mahali pamoja na panapopulizwa, wala jiko la mkaa au la gesi lisiwe karibu. Rangi zinazochanganywa na hadena, kama zile za magari, zina kemikali zinazoweza kumtia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Hizo zisipulizwe nyumbani hata kidogo, seuze penye mjamzito au mtoto mchanga. Anayetaka kazi hiyo akodi nafasi katika karakana yenye vifaa.

Na karakana ikikua hata ikaajiri mtu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo huingia. Sheria hiyo huyaweka matangi ya hewa ya shinikizo miongoni mwa vyombo vinavyopaswa kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa.

Siku ya kulipa

Familia inayonunua kwa murabaha yafaa iwe makini zaidi, kwa kuwa benki hununua kile kilichoandikwa kwenye ankara ya bei, kisha huwauzia ninyi. Ankara ikiandikwa “kompresa, lita 50” pekee, mtapewa kompresa yoyote ya lita 50. Iandikwe utoaji wa hewa kwa dakika katika bar 8 au 6, hezi 50, fezi moja, aina ya mkanda au ya kimya, tangi jipya lenye bamba la mtengenezaji linaloonyesha mwaka na shinikizo la juu kabisa, na muda wa waranti. Wanunuzi wa fedha taslimu nao wadai risiti yenye maneno hayo hayo.

Pesa za mashine zisitumike zote kwa mashine. Mpira mzuri, kichujio cha maji, oili ya kompresa na bunduki yenyewe hula sehemu isiyo ndogo, na kijana aliyekabidhiwa mashine bila hivyo atarudi kuomba tena kabla ya wiki kwisha.

Ikifika nyumbani, kabla hata ya kitanda cha kwanza, rudieni kile kipimo cha sekunde, kutoka bar 6 hadi 8, kwa soketi ya nyumbani na si ya dukani. Namba itakayopatikana iandikwe kwa wino usiofutika kwenye ubavu wa tangi, pamoja na tarehe. Baada ya miezi sita pimeni tena. Iliyokuwa sekunde 45 ikiwa 50, mashine ni nzima. Ikiwa 70, chujio la hewa limeziba au vali imechakaa, na fundi aitwe wakati matengenezo bado ni ya kubadilisha kipande kidogo.